Mawe ya Kobokobo: viungo vilevile, majina saba

Karibu na Kamituga, katika wilaya ya Mwenga, kuna mahali panaitwa Kobokobo. Hapo zilipatikana zaidi ya aina kumi za madini ambazo wataalamu wa dunia nzima hawakuwa wanazijua. Saba kati yake zina viungo vilevile. Kilichozitenganisha ni namna chembe zilivyopangwa ndani ya jiwe, na mpangilio huo ulisomwa kwa miale. Lakini kusoma jiwe kwa miale kuna hesabu rahisi na hesabu ngumu, na anayetumia ile rahisi pasipofaa anaweza kudanganyika kabisa.

Mashine ya kupima haijui yote

Wachimbaji na wanunuzi wa madini wa Bukavu wanaijua ile mashine ya mkononi yenye umbo la bastola. Mnunuzi anaigusisha kwenye mchanga wa koltani, na kisha muda mfupi inaonyesha asilimia ya tantali. Bei inategemea namba hiyo, na ugomvi mwingi pia.

Mashine hiyo inatumia miale ya X, ile ile inayopiga picha ya mifupa hospitalini, ambayo wakaaji wa mji wanaiita tu "radio". Miale inagonga jiwe, na kila aina ya chembe inajibu kwa alama yake: tantali ina yake, bati lina yake, chuma kina yake. Mashine inahesabu alama na kutoa jibu. Kwa hiyo inaeleza kuna nini ndani ya jiwe na ni kiasi gani.

Jambo lisiloelezwa na mashine hiyo ni mpangilio. Na mpangilio unaweza kubadilisha kila kitu. Kaboni iliyo katika ule moyo mweusi wa penseli ya mwanafunzi na ile ya almasi ya Mbuji-Mayi ni chembe za aina moja kabisa. Moja inaacha alama kwenye karatasi, nyingine inakata kioo. Tofauti ni namna chembe zimeshikana.

Mama wa nyumbani anaelewa jambo hili bila shule. Unga wa mahindi na maji vinatoa bugali, vinatoa pia uji. Ukimuuliza mtu "ndani mna nini?" jibu ni lile lile. Ukitaka kujua ni chakula gani, uliza kimepikwa namna gani.

Unga wa Kobokobo

Kobokobo iko ndani ya eneo ambalo watu wengi wanalijua kwa dhahabu. Kamituga iko karibu kilomita 180 kutoka Bukavu, na kampuni za wakati wa ukoloni zilichimba huko tangu miaka ya 1930. Lakini Kobokobo yenyewe ni mwamba wa aina nyingine, unaoitwa pegmatiti. Mwamba kama huo unatokea wakati uji wa moto wa chini ya ardhi unapoganda mwishoni kabisa, pamoja na vitu ambavyo miamba mingine haikuvipokea. Ndiyo sababu pegmatiti ina kristali kubwa, ambazo vitabu vya Kiswahili vinaziita fuwele, na ina vitu adimu: berili, kolumbiti, na urani.

Nyuma yake maji ya mvua yalipita ndani ya nyufa kwa muda mrefu sana. Yaliyeyusha urani kidogo kidogo, yakaichanganya na fosforasi na alumini, yakaiacha tena kama maganda na sindano ndogo, nyingi zikiwa za rangi ya manjano. Mtu akiangalia kwa macho tu, anaona vumbi la manjano juu ya jiwe. Kumbe vumbi hilo lilikuwa na aina nyingi ndani yake.

Wabelgiji wawili, Michel Deliens na Paul Piret, walichunguza mawe hayo kwa miaka mingi. Kati ya 1979 na 1985 walitangaza phuralumite, upalite, ranunculite, threadgoldite, mundite, triangulite na moreauite. Zote saba zimejengwa kwa urani, fosforasi, alumini, oksijeni na hidrojeni. Vipimo vinatofautiana, kama vile bugali na uji vinavyotofautiana kwa maji. Lakini orodha ya viungo ni moja.

Majina yenyewe yana hadithi. Upalite ni herufi za viungo vyake: U ya urani, P ya fosforasi, AL ya alumini. Triangulite iliitwa hivyo kwa sababu kristali zake zina umbo la pembetatu. Ranunculite ilipewa jina la ua dogo la rangi ya dhahabu linaloota Ulaya. Mundite ilipewa jina la profesa Mbelgiji, Walter Mund. Mwaka 1984 wataalamu hao wawili walitangaza pia jiwe lingine la Kobokobo, lenye risasi pamoja na alumini na urani, wakaliita kamitugaite. Kwa hiyo jina la Kamituga limo katika orodha ya madini ya dunia.

Mawimbi kwenye nguzo za ziwa

Namna gani mtu anasoma mpangilio wa chembe ambazo hata darubini ya kawaida haiwezi kuziona?

Afikirie kwanza ukingo wa Ziwa Kivu. Nguzo zimesimama majini kwa mstari, umbali kati yao ni sawasawa. Wimbi likifika, kila nguzo inatoa wimbi lake dogo la mviringo. Mawimbi hayo madogo yanakutana. Upande mmoja yanapanda pamoja na kuwa makubwa, upande mwingine moja linapanda wakati lingine linashuka, yanauana, maji yanatulia. Mtu anayejua urefu wa wimbi anaweza kuangalia pande zenye mawimbi makubwa akahesabu umbali kati ya nguzo, hata kama giza linamzuia kuona nguzo zenyewe.

Ndani ya kristali, nguzo ni chembe, yaani atomi, zilizopangwa kwa mistari na tabaka. Wimbi linalofaa ni mwale wa X, kwa sababu urefu wake unalingana na umbali kati ya atomi. Bomba la maabara lenye kipande cha shaba ndani linatoa mwale wa nanomita 0.154, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Jaribio la kwanza lilifanywa Munich, Ujerumani, mwaka 1912. Max von Laue alitoa wazo, Walter Friedrich na Paul Knipping wakalifanya. Kristali ya kwanza waliyoipiga miale haikuwa kitu cha thamani: ilikuwa mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba. Kwenye bamba la picha vilitokea vidoa. Waingereza wawili, William Bragg na mtoto wake Lawrence, walionyesha namna ya kuhesabu kutoka vidoa hivyo hadi kwenye mpangilio wa atomi. Mwaka 1915 walipata pamoja tuzo ya Nobel. Lawrence alikuwa na miaka 25.

Pande ambazo vidoa vinatokea zinaeleza umbali kati ya tabaka. Nguvu ya kila kidoa inaeleza ni atomi gani imekaa wapi. Kwa njia hiyo mpangilio wa phuralumite ulisomwa mwaka ule ule wa 1979. Upalite ilisumbua zaidi, kwa sababu kristali zake ni mapasa: mbili zimeota zikiwa zimeshikana, na vidoa vyao vinachanganyika hadi mtu anadhani anaangalia kristali moja. Mpangilio wake ulitangazwa mwaka 1983.

Vioo viwili vya kinyozi

Hesabu rahisi ina sharti moja. Inadai kwamba kila wimbi linagonga mara moja tu, kisha linatoka nje ya jiwe.

Lakini juu ya nini ligonge mara moja tu? Mtu aliyewahi kukaa kwa kinyozi mwenye vioo viwili vinavyotazamana anajua hali ilivyo. Anaona kichwa chake, na nyuma yake kichwa tena, na tena. Mwanga unarudiana kati ya vioo. Ndani ya kristali kuna maelfu ya tabaka, na kila tabaka ni kama kioo hafifu. Wimbi likishageuzwa na tabaka moja, lina pembe sahihi kabisa ya kugeuzwa tena na tabaka inayofuata, na kurudi kwenye njia yake ya mwanzo. Likirudi, linageuzwa tena.

Charles Galton Darwin, mjukuu wa Darwin yule anayejulikana kwa mambo ya viumbe, alifanya hesabu hiyo mwaka 1914. Aliona kwamba kristali iliyo kamili inageuza karibu miale yote, lakini kwa pembe nyembamba sana. Kisha akalinganisha na vipimo vya mawe ya kweli. Havikulingana: mawe ya kweli yalitoa vidoa vyenye nguvu kuliko ile hesabu ya kristali kamili.

Maelezo yake ni kwamba mawe mengi hayako kamili. Yamejengwa kwa vipande vidogo vidogo vilivyoinama kidogo, kama sakafu ya vigae iliyowekwa na fundi mwenye haraka. Wimbi lililogeuzwa ndani ya kipande kimoja halikutani na pembe sahihi ndani ya kipande kinachofuata, kwa hiyo linatoka. Ni kasoro za jiwe zinazofanya hesabu rahisi ifae. Pasipo kasoro hizo, mtaalamu analazimika kuhesabu mawimbi yote kwa pamoja, yanayokwenda na yanayorudi. Hesabu hiyo inaitwa ya kidinamiki.

Mawe mawili kwenye kamba moja

Mjerumani Paul Ewald aliikamilisha kwa njia yake mwaka 1917. Alisema kwamba ndani ya kristali kamili hakuna tena wimbi linaloingia na wimbi linalogeuzwa kama vitu viwili. Kuna jambo moja linaloshirikiwa na njia mbili, na nguvu inahama kutoka njia moja hadi nyingine, kisha inarudi.

Mtu yeyote anaweza kuliona jambo hilo nyumbani. Afunge kamba kati ya viti viwili, aiache ilegee kidogo. Juu ya kamba hiyo atundike mawe mawili yenye uzito sawa, kwa nyuzi za urefu sawa. Asukume jiwe moja na kuacha lingine limetulia. Baada ya muda mfupi lile la pili linaanza kuyumba, na la kwanza linapoa, linapoa, hadi linasimama. Kisha mchezo unageuka: la pili linapoa na la kwanza linaamka. Hakuna anayeyagusa. Nguvu inapita kwenye kamba.

Ndani ya kristali hali ni hiyo. Kwa unene fulani, karibu nguvu yote iko katika wimbi lililogeuzwa. Ongeza unene kidogo, imerudi kwenye lile la kwanza. Mwaka 1959 Norio Kato na Andrew Lang walipitisha miale kwenye kristali zilizochongwa kama kabari, upande mmoja mwembamba na mwingine mnene, na wakaona mistari: mwanga, giza, mwanga, giza, kadiri unene ulivyoongezeka.

Jambo lingine linashangaza zaidi. Mwaka 1941 Gerhard Borrmann aliona miale ikipita ndani ya kristali nene ambayo, kwa hesabu ya kawaida, ilipaswa kuimeza yote. Maelezo yake yanaeleweka na kila mtu aliyelima maharage. Shamba lililopandwa kwa mistari linaruhusu mtu kutembea katikati bila kukanyaga mche. Wimbi lililojengeka ndani ya kristali kamili linaweza kuwa na vilele vyake kati ya mistari ya atomi, si juu ya atomi. Halizikanyagi, kwa hiyo halimezwi. Mistari ikivurugika, njia inafungwa, na hapo kasoro yoyote ya kristali inaonekana kama kivuli.

Vumbi lisilosomeka

Mawe ya Kobokobo na ndugu zake wa Katanga yana taabu nyingine: kristali zake mara nyingi ni ndogo mno. Mwale wa X unahitaji punje ya kutosha ili utoe vidoa vinavyopimika. Jiwe likiwa vumbi, au nyuzi nyembamba kuliko unywele, mtaalamu anaweza kutaja viungo vyake na kulipa jina, lakini ndani bado hajafika.

Njia iliyobaki ni elektroni. Elektroni nazo zinakwenda kama mawimbi, na zinashikana na atomi kwa nguvu maelfu ya mara kuliko miale ya X. Kwa hiyo punje isiyoonekana kwa macho inatosha. Lakini nguvu hiyo ndiyo inayoleta shida. Elektroni zinarudiana mara nyingi hata ndani ya punje nyembamba sana. Sharti la "kugonga mara moja" linavunjika. Kidoa ambacho hesabu rahisi inasema kisiwepo kinawaka, kwa sababu wimbi liligeuzwa mara mbili likaangukia hapo. Mtu akisoma vidoa hivyo kwa hesabu rahisi, anaweza kuziweka atomi mahali pasipo pake.

Hans Bethe alikuwa ameandika hesabu ya kidinamiki ya elektroni tangu 1928. Ilikuwa sahihi, lakini nzito kwa kalamu na karatasi. Kompyuta za miaka ya karibuni njo zimeifanya itumike kwa mawe ya kawaida. Kikundi cha Lukáš Palatinus huko Prague kilionyesha mwaka 2017 kwamba kwa njia hiyo inawezekana kuona hata mahali pa atomi za hidrojeni, zile nyepesi kuliko zote, ndani ya punje moja ndogo.

Kongo ilipata faida yake. Mwaka 1982 Deliens na Piret walikuwa wametangaza jiwe la Shinkolobwe, Katanga, lililoitwa lepersonnite kwa heshima ya mwanajiolojia Jacques Lepersonne. Viungo vilijulikana, mpangilio haukujulikana, kwa sababu kristali zilikuwa ndogo mno. Ilichukua karibu miaka 40 hadi elektroni zilipousoma kutoka kwenye punje za jiwe lile lile la kwanza. Hakuna aliyerudi kuchimba lingine. Jiwe lilikuwa limetunzwa, na hesabu ikalifikia.

Simu na kilo

Hesabu hii imo pia ndani ya kitu ambacho karibu kila mtu wa Bukavu anabeba mfukoni. Tantali ya Kivu inaingia katika simu ikiwa imesagwa kuwa unga, kisha unga unakandamizwa na kuokwa hadi uwe kitu chenye vitundu vingi. Silikoni ya simu hiyo hiyo ni kinyume chake: inakatwa kutoka kristali moja ndefu iliyooteshwa polepole, ambayo inapaswa kukaribia ukamilifu. Kristali hiyo inakaguliwa kwa miale ya X, na ile hesabu ya kidinamiki ndiyo inayoeleza kila kivuli kinachoonekana.

Hata kilo ya sokoni Kadutu ina deni kwake. Mwaka 1965 Ulrich Bonse na Michael Hart walitengeneza chombo kilichochongwa kutoka kipande kimoja cha silikoni, ambacho kinagawa mwale wa X na kuukutanisha tena. Kwa vyombo vya aina hiyo wataalamu walipima umbali kati ya tabaka za silikoni kwa usahihi mkubwa, kisha wakahesabu atomi zilizomo ndani ya mpira wa silikoni wa kilo moja. Kazi hiyo ilikuwa moja kati ya njia mbili zilizosaidia kubadilisha maana ya kilo. Tangu tarehe 20 Mei 2019, kilo ya dunia si tena kile kipande cha chuma kilichofungiwa karibu na Paris.

Tahadhari kwa anayeokota

Kwa mchimbaji wa Mwenga au Kamituga, jambo la kwanza la kushika ni dogo. Ganda la manjano, la kijani kinachong'aa au la machungwa juu ya jiwe linaweza kuwa na urani. Mnururisho wake hauonekani, haunuki, hauumi. Hatari kubwa ni vumbi lake kuingia mwilini. Jiwe kama hilo halisagwi likiwa kavu, haliwekwi chini ya kitanda, halipewi mtoto kuchezea, na mtu aliyelishika ananawa mikono mbele ya kula. Bastola ya mnunuzi inaweza kuonyesha kwamba urani imo, ikiwa imewekwa kuitafuta. Kusema ni jiwe gani kati ya yale saba ni kazi ya maabara.

Jambo la pili ni kwa wanafunzi. Jiolojia inafundishwa Bukavu, katika Chuo Kikuu Rasmi, na sehemu kubwa ya kazi hii ni hesabu inayofanyika kwenye kompyuta. Anayetaka kuanza leo ana kamba, viti viwili na mawe mawili. Apime ni mara ngapi jiwe la kwanza linayumba mbele ya kusimama, kisha akaze kamba kidogo na kuhesabu tena. Atakuta namba imebadilika. Kutafuta juu ya nini imebadilika ni mwanzo mzuri wa somo lenyewe.